Kiti cha Pikipiki kwa Safari Ndefu: Ulaini Pekee Hautoshi

Pikipiki ni mtumishi wa kutegemewa katika vyama vya ushirika vya Unguja. Bwana shamba huipanda kuwafikia wakulima wa mboga na matunda walioko mabondeni. Mchuuzi wa samaki hulifunga tenga lake nyuma na kuliwahisha sokoni Mjini kabla jua halijawa kali. Katibu wa chama cha wakulima wa mwani huifuata njia ya Paje na Jambiani kwenda kushuhudia upimaji na malipo. Kwa kuwa chombo hiki ni mali ya wanachama, injini yake hubadilishwa oili kwa wakati, mnyororo wake hukazwa, na matairi yake hukaguliwa. Kiti, hata hivyo, aghalabu huachwa kama kilivyotoka kiwandani mpaka ngozi ipasuke na sponji itokeze nje.

Wahenga wamesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamati inayopanga matumizi ya chama mezani huenda isione haja ya kutenga fedha kwa ajili ya kiti. Mwenye kujua haja hiyo ni yule anayeshuka jioni akitokea Nungwi, akijishika kiuno na akisimama kwanza kungoja miguu iache ganzi ndipo aweze kupiga hatua. Madhumuni ya makala hii ni kueleza maumivu hayo hutoka wapi, namna fundi wa kawaida anavyoweza kuyapunguza, na jambo ambalo chama kinaweza kufanya kwa pamoja ili gharama isimwelemee mtu mmoja.

SAFARI NDEFU NI IPI?

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kiasi cha kilomita 85, na pale kilipo kipana zaidi hakizidi kilomita 40. Anayetazama ramani anaweza kudhani kwamba katika kisiwa kama hiki hakuna safari ndefu. Hesabu inaonyesha vingine. Kutoka Mjini kwenda Nungwi kwa njia ya Bububu, Mahonda na Mkwajuni ni karibu kilomita 60. Kwenda na kurudi ni karibu 120. Ikiwa mwendo wa wastani ni kilomita 40 kwa saa, baada ya kuhesabu matuta, makutano na vituo vya daladala, mpandaji hukaa kitini muda wa saa 3. Akifanya hivyo siku 5 kwa juma, zimetimia saa 15. Upande wa Kusini, kwa anayepita Tunguu na Jozani kwenda Makunduchi au Kizimkazi, masafa hayapungui sana.

Isitoshe, kazi ya ushirika haiishii kwenye lami. Mashamba na madiko mengi hufikiwa kwa njia za ndani, na katika ardhi ya uwanda ya mashariki na kusini njia hizo zimejaa mawe ya matumbawe. Kilomita 5 za njia ya mawe huweza kuuchosha mwili kuliko kilomita 20 za barabara iliyo sawa.

KWA NINI MWILI HUUMA?

Mtu anapoketi, uzito wa kiwiliwili chake hubebwa zaidi na mifupa miwili ya nyonga iliyo chini ya makalio, mmoja kila upande. Kwenye kiti kigumu, au kilichochakaa, uzito huo hukusanyika mahali padogo. Nyama iliyo kati ya mfupa na kiti hubanwa, damu haipiti vizuri, na baada ya muda hufuata kuungua, kisha maumivu, kisha ganzi. Kama kiti kimeinuka katikati au kimeinama kuelekea mbele, uzito huhamia sehemu laini zilizo mbele ya mifupa hiyo, ambako hupita mishipa ya fahamu. Ganzi ya sehemu hizo si jambo la kupuuzwa.

Sababu ya pili ni mtikisiko. Wataalamu wamethibitisha kuwa mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini inayotokea kati ya mara 4 na mara 8 kwa sekunde, kwa maana kiwiliwili chenyewe hutikisika kwa urahisi katika kiwango hicho. Uti wa mgongo hasa sehemu ya kiunoni ndio unaopokea vishindo. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango chake cha kwanza kuhusu mitikisiko ya mwili mzima mwaka 1974, na mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kuwataka waajiri wakadirie na kupunguza mitikisiko inayowafikia wafanyakazi wao. Kwa hiyo starehe ya kiti si anasa. Ni sehemu ya usalama kazini.

Sababu ya tatu ni kukaa mkao mmoja. Misuli isiyosogea huchoka hata kama kiti ni kizuri. Mpandaji aliyechoka huanza kujigeuzageuza, mara aegemee kulia, mara kushoto. Macho huacha kuangalia barabara, na mguu uliokufa ganzi huchelewa kukanyaga breki. Hapo ndipo maumivu madogo yanapoweza kuzaa ajali kubwa.

KOSA LA KUPENDA ULAINI

Anayeumwa na kiti jambo la kwanza analofikiri ni kuongeza kitu laini. Hununua sponji ya mto wa kochi, akaiweka juu ya kiti na kuifunga kwa ngozi bandia. Siku ya kwanza hufurahi. Kabla ya mwezi kwisha maumivu yamerudi, pengine kwa nguvu zaidi.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Sponji laini haina nguvu ya kuubeba uzito wa mtu. Mifupa ya makalio huizamisha mpaka chini, nayo ikishazama haifanyi kazi tena. Mpandaji amekalia bati la kiti bila kujua. Kila shimo la barabarani hupiga moja kwa moja mfupani. Zaidi ya hayo, makalio yaliyozama hubanwa pande zote, na mtu hawezi kusogea.

Kiti kizuri ni kile ambacho, mtu akishakikalia, bado kimebakiza chini yake unene wa inchi 1 hivi usiokandamizika. Kukipima ni rahisi. Mtu apige goti juu ya kiti kwa uzito wake wote, pale pale anapokalia. Goti likigusa ugumu wa bati, kiti hicho ni laini mno au kimechoka. Kipimo cha mkono hakitoshi, kwa sababu kiganja hakina uzito wa kiwiliwili, na kiti kinachoonekana kigumu kidogo dukani huenda ndicho kitakachofaa baada ya saa 2.

VITU VYA KUJAZIA

Unguja haina upungufu wa vitu vya kujazia, bali kila kimoja kina mahali pake.

Sufi inayotokana na mti wa msufi imejaza magodoro na mito ya Waswahili kwa vizazi vingi. Ni nyepesi, na maji hayaiingii upesi. Lakini sufi ikikandamizwa kila siku huganda mabonge wala hairudi juu yenyewe. Yafaa kwa mto wa kulalia, haifai kwa kiti kinachopigwa na vishindo.

Usumba wa nazi una sifa nyingine. Wanawake wa pwani ya mashariki hufukia makumbi katika mchanga au tope la pwani kwa miezi kadha, kisha huyafukua na kuyaponda ili kupata nyuzi za kusokotea kamba. Nyuzi hizo ni ngumu, zina mnepo, hazioezi upesi, na hupitisha hewa. Hata viwanda vya magari vya Ulaya viliwahi kujazia viti kwa usumba uliogandishwa kwa utomvu wa mpira. Usumba usiogandishwa hutawanyika. Ukishonewa ndani ya gunia imara na kubanwa vizuri, unaweza kuwa safu ya chini ya kiti, lakini lazima ufunikwe kwa sponji ili usichome.

Sponji ya kisasa chanzo chake ni kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Leo zipo za aina nyingi, na unene si kipimo cha ubora. Sponji nzito, yaani ile ambayo kipande chake kina uzito zaidi kuliko kipande kingine cha ukubwa ule ule, hudumu muda mrefu zaidi bila kulala. Iko pia sponji iliyotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa, yenye rangi za madoadoa. Hiyo ni ngumu, na inafaa sana kwa safu ya chini.

Mto wa hewa hugawa uzito vizuri kwa sharti kwamba hewa iwe kidogo, kiasi cha kuzuia mifupa isiguse chini. Ukijazwa mpaka ukakaza, hurusha mtu kama mpira na kumyumbisha kwenye kona. Mito ya ute mzito inayouzwa katika maduka ya vifaa huzuia maumivu kwa muda, lakini ikiachwa juani hushika joto na kuchelewa kupoa. Mkeka wa shanga za mbao, kama ule wanaoukalia madereva wa teksi, hausaidii kuzuia vishindo. Faida yake ni kupitisha hewa chini ya mtu, na katika joto la mwezi wa Februari faida hiyo si ndogo.

Mpango ulio bora na wa gharama nafuu ni safu mbili: chini sponji ngumu, juu sponji ya kiasi yenye unene wa nusu inchi hadi inchi 1. Ya chini hubeba mtu. Ya juu hupokea umbo la mwili.

UMBO NI MUHIMU KULIKO UNENE

Hata sponji bora haitasaidia ikiwa umbo ni baya. Yako mambo manne ya kuangaliwa.

Kwanza, upana. Mahali pa kukalia pawe na upana wa kutosha kuibeba mifupa yote miwili. Ili kujua mahali ilipo, mtu akalie kipande cha boksi kilichowekwa juu ya benchi gumu kwa dakika chache, ajiinamishe kidogo mbele, kisha ainuke. Vibonyeo viwili vitaonekana. Umbali kati yake ndio kipimo cha fundi.

Pili, mwinamo. Kiti kisielekee kwenye tangi la mafuta. Kikielekea huko, mpandaji huteleza mbele kila anapofunga breki, na hutumia mikono yake kujisukuma nyuma siku nzima. Mahali pa kukalia pawe sawa, au painuke kidogo sana upande wa mbele.

Tatu, kimo. Kila inchi inayoongezwa juu huiondoa miguu ardhini. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo pikipiki husimama kila baada ya hatua chache kupisha mikokoteni na waendao kwa miguu, asiyefikisha miguu chini ataanguka na mzigo wake. Kiti kikiinuliwa, pembe za mbele zichongwe ziwe nyembamba ili mapaja yapite.

Nne, mishono. Mshono usipite chini ya mifupa ya makalio wala chini ya mapaja. Uzi ulioinuka ni kitu kidogo mtu anapopanda, bali baada ya kilomita 40 hukata kama kamba.

KAZI YA FUNDI

Fundi makochi yeyote aliyezoea kushona viti vya magari anaweza kuifanya kazi hii, iwapo ataelezwa vizuri. Hatua zake ni hizi:

1. Kiti kifunguliwe kutoka kwenye pikipiki, na ngozi ibanduliwe taratibu kwa bisibisi bapa bila kuichana. Ngozi ya zamani ihifadhiwe iwe kielelezo cha kukatia mpya.

2. Bati la chini likaguliwe. Likiwa na kutu au ufa, lishughulikiwe kwanza. Vimpira vinavyokaa kati ya kiti na fremu virudishwe vyote, maana bila ya hivyo kiti hutikisika na kulia.

3. Sponji ya zamani ikiwa bado nzima, sehemu iliyolala ikatwe na kuwekwa kipande kigumu. Ikiwa inavunjika vumbi mkononi, itupwe yote.

4. Safu zigandishwe kwa gundi ya mafundi viatu, kisha umbo lichongwe kwa kisu kikali na kulainishwa kwa msasa. Gundi hiyo hushika moto upesi na mvuke wake una madhara. Kazi ifanyike penye hewa, mbali na sigara, jiko na petroli.

5. Kabla ya kushona ngozi, kiti kifunikwe kwa nailoni na kijaribiwe njiani kwa siku mbili au tatu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, ilhali ndiyo iliyo bora kuliko zote. Kasoro inayoonekana sasa huondolewa kwa msasa. Ikionekana baada ya kushonwa huondolewa kwa fedha.

6. Ngozi ivutwe kiasi cha kuondoa makunyanzi tu. Ikikazwa kama ngozi ya ngoma, sponji iliyo chini haiwezi kunywea na kazi yote imepotea. Chini ya ngozi iwekwe nailoni ya kuzuia maji, kwa sababu wakati wa masika mvua huingia katika matundu ya sindano, na sponji iliyolowa hukaa na maji siku nyingi.

VESPA NA PIKIPIKI NYINGINE

Vespa, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Piaggio nchini Italia mwaka 1946, imezoeleka Zanzibar kwa miaka mingi. Mpandaji wake huketi wima kama aliye kitini nyumbani, miguu ikiwa mbele juu ya ubao. Mkao huo ni wa heshima na hauchafui nguo, lakini una kasoro moja: miguu haiko chini ya kiwiliwili, basi mtu hawezi kujiinua kwa wepesi anapoliona shimo. Uzito wote hubaki makalioni, na magurudumu madogo hutumbukia zaidi katika mashimo. Kwa hiyo kiti cha Vespa chahitaji safu ngumu ya kutosha sehemu ya nyuma. Katika Vespa nyingi kiti hufunuliwa ili kutia mafuta. Fundi ahakikishe kwamba bawaba na kifungio havizuiwi na sponji mpya.

Katika pikipiki za kawaida zenye vikanyagio karibu na katikati, mpandaji ana msaada mwingine asiolipia: miguu yake. Akifika kwenye tuta au mawe, ajiinue kidogo, magoti yakiwa yamelegea. Kishindo kitapokewa na magoti badala ya uti wa mgongo.

Abiria naye asisahauliwe. Kiti cha nyuma aghalabu ndicho chembamba zaidi, na mwenye kukikalia hakioni kishindo kabla hakijamfika. Mama aliyekaa upande mmoja kwa sababu ya vazi lake hubebwa na sehemu ndogo ya kiti, hana mahali pa kushika wala pa kukanyaga pa kutosha. Akae kwa kutanda miguu pande mbili na kukanyaga vikanyagio, kwani usalama wake wategemea hilo. Mzigo usimsukume mpandaji akakalia ncha ya mbele; tenga likifungwa vibaya huharibu manufaa yote ya kiti kipya.

KITI HAKIFANYI KAZI PEKE YAKE

Kabla ya kumlaumu fundi wa kiti, chama kikague shokapu na upepo wa matairi. Shokapu inayovuja oili hairudishi kishindo kwa utaratibu, bali humrusha mpandaji mara mbili au tatu kwa kila shimo. Pikipiki nyingi zina mahali pa kukaza au kulegeza springi za nyuma kwa kadiri ya mzigo. Anayebeba tenga asubuhi na kurudi mtupu jioni ana haki ya kuzirekebisha. Upepo ufuate kipimo cha mtengenezaji, kwa kuwa tairi lililojazwa kupita kiasi huwa gumu kama jiwe.

Mpandaji mwenyewe pia ana sehemu yake. Apumzike kila baada ya saa moja, ashuke, atembee dakika chache na kunywa maji. Asiweke pochi wala funguo katika mfuko wa nyuma. Kiti kisiachwe juani bila kitambaa. Maumivu ya kiuno yasiyoisha baada ya siku kadha za mapumziko, au ganzi inayoteremka mguuni, yamfikishe kwa daktari mapema. Ganzi ya sehemu za siri au shida ya ghafla ya kwenda haja isingojwe hata kesho.

LINALOWEZA KUFANYWA KWA PAMOJA

Mtu mmoja akienda dukani kununua kipande cha sponji hulipa bei ya kipande. Chama kikinunua godoro zima la sponji ngumu, hesabu hubadilika. Godoro la futi 6 kwa futi 4 lina inchi 72 kwa inchi 48. Kiti kimoja chahitaji kipande cha kiasi cha inchi 28 kwa inchi 12. Godoro hilo hutoa vipande 8 kamili, na mabaki yake hutosha kwa marekebisho madogo na viti vya nyuma. Ngozi ikinunuliwa kwa jora na fundi akapewa viti 8 kwa pamoja, naye ataweza kupunguza ujira wake bila kupata hasara.

Yafaa basi kila chama chenye pikipiki kiandike katika daftari la matengenezo, pamoja na oili na matairi, tarehe ya kukaguliwa kwa kila kiti. Ukaguzi wa goti huchukua nusu dakika na hauna gharama. Tena yafaa mpandaji aulizwe, si kwa hisani, bali kwa utaratibu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye habari ambazo hazimo katika stakabadhi yoyote.

Kamati itakayosita kutoa fedha za sponji na ngozi ikumbuke gharama ya upande wa pili: siku za kazi zinazopotea kwa maumivu ya mgongo, samaki walioharibika kwa sababu mchukuzi alilazimika kusimama njiani, na mtumishi mzoefu anayeacha kazi kabla ya wakati wake. Pikipiki ikichakaa, chama hununua nyingine. Mgongo wa mwanachama hauuzwi dukani.